Kanuni ya Nane

3 Machi

Sikio langu la kushoto limekufa tangu nikiwa kijana, na hakuna aliye hai anayejua. Marehemu mke wangu alijua. Binti yangu hajui. Anadhani nina kiburi, kwa kuwa mtu akisemea upande huo simjibu. Nimelificha kwa ustadi. Huchagua kiti cha pembeni, ukuta ukiwa kushoto kwangu. Humwomba mtu arudie alichosema, kisha humwambia nilitaka kuona kama anakielewa mwenyewe. Wanafunzi wangu walikuwa wakitetemeka. Walisema Mwalimu si mtu wa kumridhisha hivi hivi. Kumbe Mwalimu hakusikia.

Naanza na hilo kwa sababu daktari amesema mapafu haya hayatanifikisha mwisho wa mvua, na kwa sababu jina langu limejengwa juu ya sikio hilo. Mimi ndiye niliyetunga kanuni za mikutano ya hadhara ya mji huu. Mmoja aseme, wengine wanyamaze. Asiyepewa nafasi asifungue kinywa. Anayevunja utaratibu apigiwe kengele. Watu waliuita ustaarabu. Nilizitunga kwa sababu wakisema wawili kwa pamoja mimi nasikia chungu kinachochemka tu.

Mvua imeanza leo. Nitaandika kila nitakapoweza kushika kalamu.

4 Machi

Mvua. Kikohozi.

6 Machi

Ameletwa muuguzi mpya wa kunifunga kidonda cha mguu na kunisikiliza kifua kila asubuhi. Sijampenda. Mazungumzo yetu ya kwanza nayaandika kama yalivyokuwa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Jana nilipata..."

"Kikohozi."

"Ndiyo, lakini si kile cha..."

"Cha juzi, ehe. Kikavu hiki. Kinakukwaruza hapa."

"Utaniruhusu nimalize sentensi yangu?"

"Malizia, babu. Nani kakuzuia?"

Nikawa nimesahau nilichotaka kusema. Akacheka, akaendelea kukata bandeji.

Nilipomuuliza anaishi wapi alisema majengo mapya, nikaelewa. Yale ni majengo waliyohamishiwa watu wa Mtaa wa Chini, zamani, ili ijengwe stendi ya mabasi. Wanaitwa wa majengo mapya hadi leo ingawa kuta zimeota ukungu. Hivyo ndivyo watu wa chini walivyo: ukisema nao, nao wanasema. Wanakudakia neno, wanakumalizia, wanakukatalia kabla hujafika ulikokuwa unakwenda. Kwao ndiko kusikiliza. Kwetu huku juu ni utovu wa adabu.

9 Machi

Mwanasheria amekuja kunitazama. Alikuwa mwanafunzi wangu, sasa ni mwenyekiti wa mikutano ya hadhara, na kengele anayotumia ni ile ile yangu. Alikaa kuliani bila kujua wema alionitendea. Ananisubiri nimalize, anahesabu pumzi moja, ndipo anajibu. Nilijisikia nimeoga.

Ameleta habari. Stendi itapanuliwa, na majengo mapya yote yatavunjwa. Wakazi watapelekwa nje ya mji, ng'ambo ya machimbo ya kokoto. Kutakuwa na mikutano mitatu, na katika wa mwisho wataulizwa.

"Tutafuata kanuni zako zote, Mwalimu. Hasa ya nane."

Kanuni ya nane inasema mwenyekiti atauliza kama kuna anayepinga, na atakayenyamaza atahesabiwa amekubali.

"Hawa wa chini wana maneno yao kuhusu mara ile," alisema. "Nitawaeleza kama ulivyotufundisha. Kwamba ilikuwa kutoelewana tu."

Ndivyo nilivyofundisha, na wanafunzi wa vyuo walifunga safari kuja kuandika maneno yangu. Mara ile, binti yangu akiwa bado anatambaa, niliuliza ukumbini kama kuna anayepinga kuhamishwa. Hakuna aliyesema neno. Nikatangaza wamekubali. Baadaye ikaja kujulikana kwamba watu wa juu wakinyamaza wamekubali, na watu wa chini wakinyamaza wamekataa, tena wamekataa kwa hasira ya mwisho, hasira ambayo haina hata tusi. Watu wa namna mbili za kuzungumza walikutana katika ukumbi mmoja, na hakuna aliyejua ya mwenzake. Maelezo mazuri. Hayana mkosaji ndani yake.

10 Machi

Binti yangu amekazia pazia ili mvua isiingie. Anasema nimekonda.

12 Machi

Muuguzi amenimalizia sentensi zote za asubuhi, moja tu ndiyo aliyoikosea. Nilifurahi alipoikosea.

15 Machi

Mkutano wa kwanza. Binti yangu alinisukuma kwa kiti cha magurudumu hadi jukwaani, nikae kama picha ya ukutani. Ukumbi ni ule ule, viti vya mbao vile vile. Watu wa juu walikaa kulia, wamekunja mikono, miavuli chini ya viti. Watu wa majengo mapya walikaa kushoto, upande wa sikio langu lililokufa.

Mwanasheria alipoanza kusoma mpango, upande wa kushoto ukaanza kumjibu.

"Nyumba zitakuwa na nafasi..."

"Nafasi ya nini, ya kuzikwa?"

"Na barabara ya lami..."

"Lami ya lini?"

"Ya vumbi hiyo, mama, usiulize rangi!"

Kengele. Aliposema usafiri utapatikana, kinyozi, mtu mnene mwenye shati la mistari, alisimama.

"Bwana kinyozi, hujapewa nafasi," Mwanasheria alisema kwa upole.

"Mlinipa lini? Nafasi yenyewe ya kulala ndiyo mnayoninyang'anya!"

Wakacheka kule kushoto. Kengele. Akaendelea. Kengele tena, kisha walinzi wawili wakamshika mikono. Akiwa mlangoni aligeuka kuelekea jukwaani, akaninyooshea kidole.

"Mzee Kengele! Hujafa tu? Umebaki kututazama tunavyohamishwa mara ya pili?"

Mama mmoja wa upande wa kulia, mkoba magotini, alisema kwa sauti ya kusikika, "Hawa hawajui kuongea. Wanajua kubweka." Hakupigiwa kengele. Nililitambua hilo palepale.

Naandika na hili: kinyozi alipokokotwa nilisikia raha kifuani, mahali ambapo siku hizi hapasikii raha.

16 Machi

Muuguzi amefika akiwa amelowa na amekasirika. Alinikaza bandeji kama anafunga mzigo wa kuni.

"Yule kinyozi ni mjomba wangu."

"Alivunja utaratibu. Katika mjadala wa watu wastaarabu..."

"Yule mama wa mkoba katuita mbwa. Ule ndio utaratibu?"

"Hilo halikuwa sahihi, lakini..."

"Lakini alisema taratibu. Basi. Ukitukana taratibu, wewe ni mstaarabu. Ukilia kwa nguvu, wewe ni mshenzi. Babu, ungetuambia mapema tujifunze kutukana."

Nilimwambia anyamaze, hii ni nyumba yangu. Akasema nyumba ya mtu ni kitu kizuri sana. Kisha akakusanya mkasi na pamba, na alipofika mlangoni akarudi hatua moja.

"Unamkumbuka Mama Redio?"

Namkumbuka. Alikuwa dobi wa Mtaa wa Chini. Wenye maneno mengi walikuwa wengi, lakini yeye alipewa jina la redio kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia.

"Ni mama yangu. Nilikuwa mgongoni mwake siku ile ukumbini."

20 Machi

Homa. Mvua imeingia jikoni. Binti yangu ameweka ndoo.

22 Machi

Leo Muuguzi ameeleza, bila kuulizwa, huku akinipima joto. Sikumkatiza. Sikuwa na pumzi.

Alisema kwao mtu akinuna, unamfuata. Unamgongea mlango, unamuuliza una nini na mimi, na unaendelea kumuuliza hadi alipuke. Ni deni la yule anayenuniwa, si la anayenuna. Siku ile wazazi wake walitoka ukumbini wamefunga midomo, mtaa mzima. Hakuna aliyepika kwa kelele. Walikaa vibarazani wakingoja mtu wa juu ashuke aje aulize, jamani, mna nini.

"Wakangoja, babu. Mama anasema hata watoto tulikatazwa kulia, tusije tukafunika hodi. Mkaja kweli. Mkaja na malori."

Kipimajoto kilikuwa mdomoni mwangu. Nilikishukuru.

25 Machi

Jambo la ajabu. Nilikuwa namsimulia Muuguzi jinsi nilivyopata kazi ya ualimu, habari ambayo nimeisimulia mara nyingi. Alidakia kila mahali: ehe, halafu, acha bwana, na baba yako alisemaje, hukuogopa? Nilipomaliza niligundua nimesema mambo ambayo sijawahi kumwambia mtu, hata siku ya mtihani nilipokojoa kwenye suruali kwa hofu. Akacheka hadi akakaa. Nami nikacheka, nikakohoa, akanipiga mgongo.

Mwanasheria akinisikiliza, nasema kile nilichokwisha kutunga. Huyu akinisikiliza, nasema mengine.

Bado ana mdomo mchafu. Siandiki kwamba nampenda.

27 Machi

Nimemfikiria mke wangu kutwa. Yeye naye alizaliwa Mtaa wa Chini. Tulipooana tulikuwa tukisema pamoja kama ndege wawili kwenye tundu moja. Alikuwa akikaa kuliani kwangu makusudi, na akisemea kushoto ni kwa kunichokoza. Baada ya mkutano ule hakunikatiza tena hadi alipofariki. Alikuwa akinisikiliza hadi nukta, kisha anasema, "Sawa, mume wangu." Majirani walinisifu kwamba nimempata mke mwenye heshima.

Sikumgongea mlango.

29 Machi

Mvua kubwa. Hakuna jingine.

2 Aprili

Mkutano wa pili. Nilikwenda nimeamua kusema.

Mwanasheria aliponikaribisha kusalimia, nilisimama kwa kushika meza, nikasema mbele ya wote kwamba mimi ni kiziwi wa sikio moja, kwamba kanuni za mikutano hazikutoka katika hekima yoyote bali katika aibu, kwamba niliwanyamazisha kwa sababu sikuweza kuwasikia. Nilisema naomba radhi. Magoti yalikuwa yakigongana.

Kisha upande wa kulia wakapiga makofi. Makofi marefu! Mama wa mkoba alikuwa akifuta machozi. Mwanasheria alinishika bega.

"Ndugu wananchi," alisema, "mmeona. Mtu mwenye ulemavu alitutengenezea utaratibu unaomlinda mnyonge asiyeweza kupambana na kelele. Sasa tunajua kwamba anayepiga kelele ukumbini anamwonea kiziwi. Na kama kulikuwa na kutoelewana siku ile, mmesikia chanzo chake. Nani atamlaumu mzee huyu?"

Hakuna aliyethubutu. Mtu mmoja wa majengo mapya alianza kusema neno, jirani yake akamvuta shati, wakaogopa kuonekana wanamzomea mgonjwa. Katika dakika hizo niliipa kengele nguvu kuliko miaka yote niliyoishika. Mkutano ukaisha bila swali hata moja. Mwanasheria akatangaza kwamba tarehe kumi na tatu watauliza na kumaliza.

Nilimtafuta Muuguzi katika viti vya kushoto. Alikuwa ananitazama, mdomo umefungwa.

3 Aprili

"Shikamoo." Kidonda. Kifua. "Haya." Akaondoka.

4 Aprili

Nilimwambia maumivu yamehama. Alingoja hadi nilipomaliza. Akaandika. Akaondoka.

5 Aprili

Nimemaliza sentensi zangu zote leo. Kila moja imefika mwisho na kuanguka sakafuni.

7 Aprili

Nilikosea makusudi. Nilisema dawa ya njano naimeza jioni, na anajua ni ya asubuhi. Zamani angenirukia kabla sijafika kwenye rangi. Alisubiri nukta, kisha akasema, "Ya njano ni asubuhi, mzee." Si babu tena.

Kimya hiki nakijua. Nimelala nacho kitanda kimoja miaka mingi.

9 Aprili

Leo alipofungua mkoba wake wa dawa nilimshika mkono.

"Una nini na mimi?"

"Sina kitu, mzee."

"Una nini na mimi?"

"Nimesema sina."

"Nakuuliza tena. Una nini na mimi, mtoto wa Mama Redio?"

Akautupa mkasi juu ya meza, na maneno yakatoka kama bomba lililopasuka. Mengine yalinipita, mengi niliyapata.

"Umeomba radhi ya sikio! Nani alikushtaki kwa sikio? Mtaa mzima walilijua sikio lako, mkeo ni wa kwetu, ulidhani hakusema? Mama alikutania sikio mbele ya watu siku ile ile! Umekwenda pale na magoti yako yanatetemeka, ukawapa silaha. Sasa tarehe kumi na tatu wataulizwa nani anapinga, na watu wangu wamenuna tangu ulipokaa chini, hawatasema kitu, na yule mwanafunzi wako atapiga kengele yake na tutapelekwa kwenye kokoto. Ulikuwa na bahati ya kusema, ukasema dogo."

"Unajuaje kuna kubwa?"

"Mtu hatetemeki vile kwa ajili ya sikio."

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Tangu lini, sijui. Alikuwa upande wa kushoto.

"Baba," alisema, "huyu asije tena. Nitatafuta mwingine."

"Aje."

"Anakufokea nyumbani mwako!"

"Ananisikiliza," nilisema. "Wewe keti. Na wewe keti."

Nikawaambia. Muuguzi alinikatiza mara nyingi, na kila aliponikatiza ilinibidi niseme wazi zaidi. Binti yangu hakunikatiza. Alinisikiliza hadi mwisho, akaweka sinia chini taratibu, akasema, "Baba, mimi nafundisha watoto kanuni zako," akatoka. Nimesikia mlango wake ukifungwa.

Nilidhani Muuguzi atasema neno la kunituliza. Alifunga mkoba.

"Usitegemee nikwambie pole."

"Sitegemei."

"Andika. Nitalisema ukumbini mimi."

"Hutapewa nafasi."

"Sitaomba."

10 Aprili

Nimegonga mlango wa binti yangu kwa bakora. Nimeuliza ana nini na mimi. Hajajibu. Nitagonga tena jioni.

11 Aprili

Hajajibu. Mwanasheria ametuma salamu na matunda. Nimemwambia aliyeyaleta ayarudishe, na amweleze mwenyekiti kwamba nitapinga. Jibu limerudi kabla ya mchana: kwa mujibu wa kanuni, mgonjwa asiyehudhuria hawezi kupinga. Kweli. Kanuni ya sita. Niliitunga mimi.

12 Aprili

Siwezi kukaa tena. Naandika nimeegemezwa mito. Binti yangu alifungua mlango asubuhi, macho yamevimba, akanifokea kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, na nilipojaribu kujibu alinikatiza, akanikatiza tena, tukasema wote wawili kwa pamoja hadi nikaishiwa pumzi. Hajanisamehe. Lakini amenisogezea mito, na ameketi kuliani.

Muuguzi atayasema haya kesho. Watampigia kengele. Nimemwambia ayaseme juu ya kengele, na wa kwao wayadakie, wayarudie, wayapige kelele, hata kama hakuna atakayesikia sentensi nzima.

Siku ile halmashauri iliniagiza niulize swali moja: nani anakubali kuhama, anyooshe mkono. Hilo ndilo nililokuja nalo ukumbini. Mama Redio alisimama bila kupewa nafasi akasema, "Mwenyekiti, hilo sikio umeliazima au unalirudisha lini?" Ukumbi mzima ukacheka, wa juu na wa chini. Nikapiga kengele hadi mkono ukauma. Watu wa chini wakanyamaza mmoja mmoja, na wa mwisho kunyamaza alikuwa mke wangu, katika safu ya tatu, binti yetu magotini. Nikawatazama. Nilizijua nyuso hizo. Nilikuwa nimeoa katika nyuso hizo. Nilijua kwamba wamekataa, na kwamba nikiuliza nani anakubali, hakuna mkono utakaonyooshwa. Kanuni ya nane haikuwepo bado. Niliitunga pale pale, nimesimama, kengele ikiwa bado inalia katika sikio langu zima: nikaliacha swali nililoagizwa, nikauliza nani anapinga.